Kiti Hakilali Ghalani

Kwenye droo ya meza yangu, chini ya mihuri na kitabu cha risiti, kuna futikamba ya njano ambayo namba zake za mwanzo zimeshafutika. Vijana ninaofanya nao kazi wanadhani niliirithi kwa fundi cherehani. Niliinunua sokoni Bukoba mwaka 2001, siku chache baada ya mazishi ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, na tangu hapo sijakata tiketi ya msafiri mwenye mzigo mkubwa bila kumuuliza una urefu gani, upana gani, na kama anajua mlango wa ndege atakayopanda ulivyo.

Habari ya futikamba nitaifikia. Nianze na ghala.

Mzee wangu alikuwa karani wa ghala la ushirika wa kahawa. Mimi na ndugu zangu tulikua tukinuka magunia. Biashara aliyotufundisha ilikuwa fupi: mali ikikosa bei leo, funga mlango, iache ilale. Kahawa iliyokaushwa vizuri inavumilia. Niliingia kwenye kazi ya tiketi za ndege mwaka 1997 na somo hilo kichwani, na ndilo lililonichelewesha kuielewa kazi yenyewe.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, kalenda, na simu ambayo ilikata kila mvua ilipokaza. Bosi wangu alikuwa mwalimu mstaafu, tukimwita Mama Mwalimu, na alikuwa wakala wa yeyote mwenye ndege iliyotua mjini kwetu. Tiketi ziliandikwa kwa mkono kwenye vitabu vyenye kaboni nyekundu nyuma ya kila karatasi. Ukivaa shati jeupe ulijuta. Nafasi tuliziomba Mwanza kwa simu, na simu ikigoma tulienda kuomba msaada kwa watu wenye simu ya upepo, ambapo mji mzima ulisikia nani anasafiri na nani hajalipa.

Anayeijua Bukoba ya leo ataona ajabu kwamba tulipata wateja. Lakini fikiria ilivyokuwa. Mtu wa kwetu aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa basi mara nyingi alipitia nchi mbili za watu: Mutukula, Masaka, Kampala, Nairobi, Namanga, ndipo arudi Tanzania kupitia Arusha. Ulisafiri ndani ya nchi yako kwa kugongewa mihuri. Njia nyingine ilikuwa meli, unapanda jioni unaamka Mwanza. Halafu tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikaenda na mamia ya watu. Sikumbuki nyumba mjini kwetu ambayo haikuzika au haikwenda kuhani. Baada ya hapo hata watu wasio na uwezo walianza kuchungulia mlangoni kuuliza nauli ya ndege. Waliuliza, wakaguna, wakaondoka. Mama Mwalimu alikuwa akiandika majina yao kwenye daftari. Nilimuuliza kwa nini anaandika watu wasionunua. Akasema, "Leo ameuliza. Siku mtoto wake atakapopata kazi Dar, atajua mlango ulipo."

Sasa kiti.

Siku hizo kampuni zilitupa mgao. Tuseme viti sita kwa safari moja. Tukishindwa kuviuza, tunavirudisha jana yake kabla ya saa kumi jioni ili Mwanza waviuze wao. Wiki moja nilibaki na viti vinne. Walikuja walimu wanne waliokuwa wakienda kwenye semina, wakaomba walipe nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Nikakataa. Nilikuwa na hakika wafanyabiashara wa kahawa watatokea na pesa taslimu, kwa hiyo nikavishika viti vyangu kama mzee alivyoshika magunia. Saa kumi ikapita. Wafanyabiashara hawakutokea.

Asubuhi Mama Mwalimu alinishika mkono, tukatembea hadi uwanjani. Si mbali, uwanja wetu uko mjini kabisa, umebanwa kati ya ziwa na milima, na wakati huo njia ya kurukia ilikuwa ya changarawe. Tukasimama kwenye uzio. Ndege ikakimbia na vumbi lake, ikainuka, ikapita juu ya maji ikielekea kisiwa cha Musira.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Mama."

"Viti vyako vinne vile vinakwenda. Vikirudi kesho si vile tena, ni vingine. Waitu, kahawa ya baba yako inalala ghalani. Kiti hakilali."

Nilidhani ameniambia jambo la ofisi yetu. Miaka ilivyokwenda nikaona kwamba alikuwa ameniambia historia nzima ya kila kampuni ndogo ya ndege niliyoiuzia tiketi, zilizobaki na zilizokufa.

Niliyoiuzia kwa muda mrefu kuliko zote ni Precision Air, kwa hiyo nitaitumia hiyo. Mwanzilishi wake, Michael Shirima, alikuwa amefanya kazi East African Airways, lile shirika la nchi tatu lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika 1977, kisha Air Tanzania iliyozaliwa mwaka huohuo wa kuvunjika. Alipotoka huko aliingia kwenye kahawa. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Mtu wa kahawa kama mzee wangu, lakini yeye alikuwa ameshaona pande zote mbili, mali inayolala na mali isiyolala.

Kampuni ilianzishwa Arusha mwaka 1991, wakati serikali ikianza kulegeza kamba na kuwaachia watu binafsi biashara ambazo zamani zilikuwa za mashirika ya umma. Ilianza na Piper Aztec, ndege ya viti vitano ya kukodiwa. Hebu fikiria viti vitano. Hapo hakuna kubahatisha. Mtu anakodi ndege nzima, umelipwa kabla injini haijawashwa. Mwishoni mwa mwaka 1993 ikaanza safari za ratiba kwa sababu ya watalii, na hapo ndipo kamari ilipoanza. Ratiba ni ahadi kwamba utaruka hata kama abiria ni wawili. Kwa jinsi ninavyoona, kampuni nyingi ndogo hufia kwenye hatua hiyo, pale zinapoacha kukodisha ndege na kuanza kuuza kiti kimojakimoja. Wenyewe mara nyingi hawajui kuwa wamebadilisha biashara. Wanadhani wamekua.

Precision walivuka. Walipita kwenye ndege za Let 410, zile za Kicheki zenye viti visivyozidi 19, wakaja kwenye ATR za Ufaransa na Italia, ndege za pangaboi, yaani zenye panga zinazozunguka mbele ya injini. Neno hilo baadaye liligeuzwa kejeli na wanasiasa, lakini sisi wa viwanja vifupi tulikuwa tukiliheshimu. Pangaboi inatua mahali ambapo ndege ya jeti haithubutu, na inakunywa mafuta kidogo. ATR 42 inabeba watu arobaini na kitu, ATR 72 karibu sabini. Bukoba, Musoma, Kigoma, Tabora: bila pangaboi miji kama hii ingebaki kwenye ramani ya mabasi.

Kama hujawahi kuiangalia ATR ikiwa chini, siku moja uiangalie. Abiria wanapanda kwa nyuma, mizigo inaingia kwa mbele. Inaposimama, kijana anakimbia na nguzo ya chuma anaiweka chini ya mkia. Mara ya kwanza nilidhani ni ya kuzuia upepo. Rubani mmoja akanieleza kwamba watu wote wakisimama kwa pamoja na kusongamana nyuma wakati mizigo ya mbele imeshashushwa, ndege inaweza kukalia mkia. Kitu cha tani nyingi, na kinachokishikilia kisipige kalio chini ni kijana na nguzo. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza habari za uzito.

Na uzito ndio unaoniletea futikamba.

Mwaka 2001 nilikatia tiketi familia moja kutoka Kanyigo. Baba yao alifia Dar es Salaam kwa mtoto wake mkubwa, nao, kama ilivyo kwetu, hawakufikiria hata dakika moja kumzika huko. Mhaya anarudi kwenye kibanja chake, kwenye migomba, walipo baba zake. Mdogo wa marehemu alikuja ofisini akiwa na pesa kwenye bahasha. Nikapanga kila kitu: watu watano na jeneza, ndege kubwa hadi Mwanza, kisha kampuni nyingine yenye ndege ndogo hadi Bukoba. Nikaandika, nikagonga mhuri, nikampa pole.

Sikuuliza mlango.

Jeneza lilikuwa la Dar es Salaam, lile la mfuniko wa kupinda na mikono ya kung'aa. Mwanza vijana wa mizigo walilisukuma kwa kichwa, wakalirudisha, wakaliinamisha upande, wakalirudisha tena. Lilizidi mlango kwa kitu kama viganja viwili. Ndege ina muda wake, ikaondoka na watu watano. Marehemu alipandishwa meli usiku ule, akavuka ziwa peke yake na kijana mmoja wa ukoo aliyepatikana Mwanza kwa kubahatisha. Kijijini kaburi lilikuwa limeshachimbwa, padri amekuja, wali umeiva. Kaburi likalala wazi. Wazee wa pale hawakulifurahia jambo hilo, na sitaandika waliyoyasema.

Baada ya matanga, yule mdogo wa marehemu alirudi ofisini. Nilisimama kabla hajaketi. Nilikuwa nimetayarisha maneno kuhusu kampuni, kuhusu Mwanza, kuhusu vijana wa mizigo. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu, tiketi za walio hai zilikuwa sawasawa, zote tano. Huyo wa sita hukumuuliza urefu."

Hakupandisha sauti. Akaomba risiti ya mzigo kwa ajili ya hesabu za ukoo, akaondoka. Ningependa angenitukana.

Baadaye niliuliza milango ya ndege zote zilizotua kwetu, nikaandika vipimo kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya kalenda. Kampuni hazikuwa na shida kunipa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuziuliza. Zile ndege za viti 12 zilikuwa na jambo lingine, mizani. Unapimwa wewe na begi lako pamoja, mbele ya watu, na karani anasoma namba kwa sauti. Nimeona wakwe wakipimwa mbele ya wakwe. Mama mmoja wa Kashai alikataa kupanda mizani hadi wanaume wote wageuke, na wakageuka, hata rubani. Nikajifunza kuwaambia wateja mapema, tena kwa faragha, kwamba namba ile inakwenda kwenye hesabu ya rubani na haiwi habari ya mtaa. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mdogo.

Nirudi kwenye historia, maana kuanzia hapa inakwenda haraka.

Mwaka 2003 Kenya Airways walinunua asilimia 49 ya Precision. Sisi wa kaunta tuliona mabadiliko kwa vitu vidogo. Mteja wa Bukoba sasa aliweza kuandikiwa tiketi moja hadi London kupitia Nairobi, na kwa mara ya kwanza wafanyabiashara wa vanila waliacha kutuona kama watu wa basi la juu. Mwaka 2006 kampuni ikaagiza ATR mpya saba kiwandani. Niseme wazi kwamba hatukuamini. Tulizoea ndege zinazokuja kwetu zikiwa zimeshazeekea kwa watu. Zilipoanza kufika, mwaka 2008, zilikuwa na harufu ya kiwanda, na Mama Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaniachia ofisi, alipanda moja kwenda Mwanza na kurudi siku hiyohiyo bila shughuli yoyote. Alilipa nauli kamili. Nilipotaka kumpunguzia aliniangalia kama mwanafunzi aliyeiba chaki.

Mwaka huo wa 2008 ndio pia kaboni nyekundu ilipokufa. Mashirika ya ndege ya dunia yalikubaliana kuwa kuanzia Juni tiketi za karatasi basi, ni za kompyuta tu. Kisha pesa za simu zikaingia. Nilikuwa nimejifunza mwandiko mzuri kwa miaka kumi na moja, ukawa hauna kazi. Mteja aliyekuwa lazima afike kwangu akaanza kununua akiwa shambani kwake. Kamisheni ikasinyaa. Wakala wenzangu wawili mtaani walifunga, mmoja akafungua duka la vifaa vya ujenzi na anaendelea vizuri sana kuliko mimi. Kilichoniokoa ni vile ambavyo kompyuta haiulizi: jeneza, mgonjwa wa machela, bibi asiyejua kusoma ambaye mtu lazima amkabidhi kwa mtu, na ndoo za senene, wale wadudu wa jamii ya panzi tunaowala kwetu.

Mwishoni mwa 2011 kampuni iliuza hisa kwa umma, shilingi 475 kwa hisa moja. Wateja walikuja kuniuliza mimi kama wanunue au wasinunue, kana kwamba kukata tiketi kunamfanya mtu kuwa mchumi. Niliwaambia ninachojua: viti vinajaa Krismasi na Pasaka. Mimi sikununua, Januari ilikuwa inakuja na ada za watoto watatu. Hatimaye zilinunuliwa chini ya nusu ya zilizotolewa.

Wakati huo kampuni ilikuwa imetanua mabawa. Ilikuwa imekodi Boeing 737, ikaruka hadi Johannesburg. Na mwaka 2012 ikawa ya kwanza duniani kupokea ATR 42-600, toleo jipya kabisa. Kampuni ya Arusha iliyoanza na viti vitano! Nililitangaza hilo kwa kila aliyeingia ofisini, hata waliokuja kuomba chenji.

Lakini rudi uzioni na Mama Mwalimu. Ukiwa na viti vitano, vitupu viwili ni hasara ya siku. Ukiwa na jeti yenye viti zaidi ya mia, vitupu arobaini kila safari, kila siku, ni shimo. Na viti hivyo unaviuza kwa shilingi huku ndege inakula dola. Kodi au mkopo wa ndege ni dola, bima ni dola, vipuri ni dola, rubani akienda nje kwenye mashine ya mazoezi ni dola. Mwaka 2011 dola ilikuwa karibu shilingi 1,600. Mwaka 2015 ilikuwa imeshavuka 2,000. Mteja wangu wa Bukoba hajui hilo wala hataki kulijua, anachojua ni kwamba nauli ilikuwa laki mbili na sasa unamwambia nyingine.

Katikati ya hayo, Novemba 2012, Fastjet wakaingia na Airbus kwenye njia za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, wakitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Simu yangu haikunyamaza wiki nzima. Watu waliokuwa kwenye daftari la Mama Mwalimu tangu 1997, wale wa kuguna, walisafiri. Nitakuwa mnafiki nikisema nilisikitika. Niliwaona wazee wakishuka Mwanza kutoka basi la Bukoba ili wapande ndege ya bei ya basi. Ila nilikuwa nikijua kinachofuata: njia zenye faida, za miji mikubwa, ndizo zilizokuwa zikibeba njia zetu. Mkubwa akimwibia mdogo Mwanza, mgonjwa anakuwa Bukoba.

Precision waliachana na jeti, wakarudi kwenye pangaboi. Kwa maoni yangu, ambayo ni ya mtu wa kaunta tu, hapo ndipo walipokuwa na akili zaidi, ingawa magazeti yaliandika kama kushindwa. Septemba 2016 serikali ikaleta Bombardier mbili kwa ajili ya Air Tanzania, nazo za pangaboi, na kejeli nikazisikia redioni. Nikawa nawaambia wateja, nyie chekeni, hizo ndizo zitakazotua hapa. Fastjet wao walisimama mwishoni mwa 2018. Nauli zikapanda tena, na wazee wangu wakarudi kwenye kuguna.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu cha mahesabu kilichonifundisha, ila jua. Kwa miaka mingi kwetu hakukuwa na taa za kutulia usiku. Ndege inayofanya Dar es Salaam, Mwanza, Bukoba na kurudi ni mshipi mmoja. Ikichelewa saa moja asubuhi Dar kwa sababu yoyote, uchelewaji unajikusanya, na wa mwisho kuulipa ni abiria wa Bukoba anayeangalia jua likizama nyuma ya milima. Nimewahi kusimama mbele ya watu thelathini na kuwaambia ndege imegeuzia Mwanza, hadi kesho. Kampuni haikuwa na mtu pale siku hiyo, nilikuwa mimi. Bwana harusi mmoja alinikunja shati. Nikamwambia, "Kaka, kunja tu, lakini jua silishiki mimi." Baadaye alinialika harusini. Nilikwenda, nikakaa meza ya nyuma. Kuanzia siku hiyo mtu akija na harusi, mtihani au hospitali, namkatia ya jana yake, akikasirika akasirike.

Corona ilipokuja mwaka 2020, viti vyote vilikuwa vitupu kwa pamoja, dunia nzima. Nilifunga ofisi miezi kadhaa, nikapalilia migomba.

Halafu Jumapili ile, tarehe 6 Novemba 2022. Yaliyotokea yanajulikana. ATR 42 ya Precision kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikija kutua kwetu, hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Walikuwemo watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo, na 24 wakatoka hai. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson, aliyesaidia kufungua mlango wa nyuma, baadaye aliajiriwa Zimamoto na Uokoaji.

Mimi nilikuwa Karagwe, kanisani, simu nimeizima. Nilipoiwasha zilikuwa zimepigwa mara nyingi hadi nikajua ni msiba kabla sijampigia mtu. Jambo la kwanza nililofanya si la kujivunia: nilifungua orodha ya tiketi za wiki ile kwenye simu, nikaipitia jina kwa jina kutafuta kama kuna niliyemkatia. Hakuwepo. Nikaipitia tena. Nilipofika mara ya tatu, mke wangu alininyang'anya simu.

Wiki iliyofuata nilifungua ofisi kwa sababu sikujua pa kukaa. Watu waliingia, wakakaa kwenye benchi, wakaongea habari za ziwa, la 1996 na la sasa, wakaondoka. Hakuna aliyeulizia nauli. Binti niliyemwajiri aliniuliza kama turudishe mgao, nikamkumbusha kwamba mgao uliisha zamani, siku hizi kompyuta inajua yenyewe.

Mwanzilishi naye alifariki mwaka 2023. Ofisini kwangu nilichukua kalenda ya zamani yenye picha ya ATR ukutani, nikaigeuza kuangalia ile karatasi ya vipimo vya milango. Wino umekuwa kahawia, lakini unasomeka.

Ila mteja wa kwanza baada ya ajali ndiye ninayemkumbuka zaidi. Novemba ni msimu wa senene, na mwaka ule walikuwa wameshuka kwa wingi. Aliingia mama mmoja tuliyezoeana, anauza Dar es Salaam kwa watu wa kwetu wanaolia kwa kuwakosa. Alikuwa na ndoo tatu zilizofungwa kwa tepu, tayari wamekaangwa. Harufu ilijaza chumba. Akaketi, akavuta pumzi, akanyamaza kidogo akiangalia dirisha la upande wa ziwani.

"Ya kesho ipo?"

"Ipo, Mama."

"Ndoo tatu, kilo zimezidi ngapi?"

Nikazipandisha kwenye mizani. Kumi na moja. Nikamtajia bei ya kilo zilizozidi.

"Waitu," akasema, akisimama na kushika kiuno, "kwa senene? Hawa wenyewe si wanaruka!"

Tukaanza kubishana.